Mraba Mweusi na Macho ya Mchora Vibao

Karakana ya mjomba wangu ilikuwa Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazojulikana kwa namba, na kazi iliyomlisha ilikuwa kuchora vibao vya maduka, mabucha, gereji na vinyozi. Nikitoka shule nilikuwa nikipita pale kumkorogea rangi na kumshikia ncha ya uzi wa chaki anapopiga mistari ya kupangia herufi. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nilifika na kitabu nilichoazima maktaba, kitabu kizito cha picha za wachoraji wa Ulaya, nikakifungua juu ya benchi mbele ya mafundi waliokuwa wamepumzika kwa chai. Picha za mwanzo ziliwafurahisha sana: hariri iliyochorwa mpaka mtu akatamani kuigusa, zabibu zenye umande, farasi wenye misuli. Kurasa zilivyosonga furaha ikapungua, na tulipofika kwenye mraba mweusi uliokaa juu ya weupe bila kitu kingine chochote, mmoja wao aliuliza kama mchoraji alifariki kabla hajamaliza kazi.

Mjomba hakucheka pamoja na wenzake. Alikichukua kile kitabu, akasogea nacho mlangoni penye mwanga, akainama mpaka uso wake ukakaribia kugusa karatasi, na baada ya muda akasema, "Mjomba, hii nyeusi imepasuka. Chini yake ipo rangi nyingine, na ilikuwa haijakauka sawasawa alipoipaka hii ya juu." Kisha alinirudishia kitabu na kuendelea na chai yake. Mimi nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu na sikuona uzito wowote katika maneno yale, lakini kila ninapojaribu kumweleza mtu sanaa ya kisasa ni nini, najikuta ninaanzia kwenye ule mlango wa karakana.

Nadhani sehemu kubwa ya ugumu tunaoupata mbele ya picha za namna ile inatokana na jina lenyewe. Tunaziita sanaa ya kisasa, na kisasa kwetu ni neno la sifa. Nyumba ya kisasa ni ile yenye vigae na maji ndani, jiko la kisasa halijazi moshi machoni, na kilimo cha kisasa kina mbegu bora na trekta. Popote tunapoliweka neno hili tunamaanisha kwamba kitu kimeboreshwa na kuongezewa hadi kikakipita cha zamani. Mtu aliyeambiwa kwamba anakwenda kutazama picha za kisasa ana haki kabisa ya kutarajia hariri inayong'aa zaidi na farasi anayekaribia kupumua, na anapokutana na picha ambazo kwa macho yake zimepunguziwa vitu, anahisi kwamba amedanganywa. Siwezi kumlaumu. Tena neno hilo linamfanya aamini kwamba anatazama kazi za siku hizi, ilhali ule mraba wa kitabuni, Mraba Mweusi wa mchoraji Kazimir Malevich, ulitundikwa hadharani mjini Petrograd, Urusi, mwezi Desemba 1915, wakati Tanga yenyewe bado ilikuwa mikononi mwa Wajerumani.

Wanahistoria wa sanaa hulitumia neno hili kwa kutaja kipindi, ambacho wengi wao hukianzisha Paris katika miaka ya 1860 na kukifunga katika miaka ya 1960 au 1970, na kazi zinazofanywa sasa huzipa jina jingine. Tarehe hizo zinafaa kwa mtihani, lakini hazielezi jambo lenyewe. Mwaka ule ule wa 1915 walikuwapo wachoraji wengi mno waliokuwa wakiendelea kuchora hariri na farasi kwa ustadi mkubwa, na hakuna anayewahesabu kuwa wa kisasa. Usasa ninaoutafuta umo ndani ya picha, katika namna ilivyotengenezwa na katika kile inachomtaka mtazamaji akifanye.

Kwa karne nyingi mchoraji wa Ulaya alikuwa fundi mwenye mteja anayejulikana. Kanisa lilimwagiza mtakatifu wa ukuta fulani, mfalme alimwagiza sura yake, mfanyabiashara alimwagiza mke wake aliyevaa lulu. Picha ilijua inakwenda wapi na itatazamwa na nani, na ilijua pia wajibu wake, ambao ulikuwa kufanana na kile inachokionyesha kiasi cha kumfanya mtazamaji asahau kwamba mbele yake pana ubao uliopakwa mafuta. Kivuli, kina, umbali wa milima, yote yalikuwa mbinu za kuifanya picha iwe dirisha. Halafu mwaka 1839 uvumbuzi wa Louis Daguerre wa kupiga picha kwa kamera ukatangazwa mjini Paris, na ule wajibu wa kufanana, ambao mchoraji aliusomea miaka kumi, ukaanza kutekelezwa na sanduku lenye kioo kwa muda wa dakika chache. Miaka miwili baadaye, John Goffe Rand, mchoraji Mmarekani, alisajili uvumbuzi wa kutia rangi katika mirija laini ya bati yenye kifuniko. Kabla ya hapo rangi iliyokwisha kusagwa ilihifadhiwa katika vibofu vya nguruwe na kuharibika haraka. Sasa mchoraji aliweza kuchukua rangi zake kiwandani, akaziweka mfukoni na kwenda kuchora mtoni au stesheni ya treni, jambo ambalo watu wa ufundi hulielewa upesi kuliko wasomi, kwa kuwa fundi anajua jinsi kifaa kipya kinavyobadilisha hata fikra za anayekishika. Na mnunuzi naye alibadilika. Badala ya askofu na mfalme, alikuja mtu wa mjini mwenye fedha, asiyejulikana jina, anayepita dukani au kwenye maonyesho na kuchagua.

Picha iliyokuwa na kazi mbili, kufanana na kumtumikia aliyeiagiza, ikajikuta imepungukiwa na zote mbili. Ilibidi itafute sababu yake yenyewe ya kuwapo, na hapo ndipo ninapouona usasa ukianza.

Mchoraji Mfaransa Édouard Manet ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza, na nafikiri anastahili. Mwaka 1863 alichora mwanamke aliyelala uchi kitandani, na mtumishi Mweusi akimletea shada la maua, picha aliyoiita Olympia na kuionyesha mwaka 1865 kwenye maonyesho makuu ya Paris, ambako ilizua ghasia kubwa kiasi kwamba ikahamishwa na kutundikwa juu sana, mbali na mikono ya watu wenye hasira. Uchi haukuwa mgeni katika maonyesho yale, kwani kuta zilijaa miungu wa kike wasio na nguo. Kilichowaudhi watu ni kwamba huyu hakuwa mungu wa kike. Alikuwa mwanamke wa mjini wa wakati wao, akiwatazama usoni kama anayewauliza wamefuata nini chumbani kwake. Lipo na jambo la pili, ambalo mjomba angeliona kabla ya lile la kwanza: mwili wake umepakwa kwa vivuli vichache mno, karibu rangi moja kutoka bega hadi goti, ukingo wake ukiwa umekatwa wazi mithili ya herufi kwenye kibao. Manet aliacha kuficha kwamba hii ni rangi juu ya turubai. Mwaka 1890 mchoraji kijana, Maurice Denis, aliliandika wazo hilo kwa uwazi alipowakumbusha wenzake kwamba picha, kabla ya kuwa farasi wa vita au mwanamke aliye uchi au hadithi yoyote ile, kwanza ni uso bapa uliofunikwa kwa rangi zilizopangwa kwa utaratibu fulani. Mchora vibao hahitaji kukumbushwa hilo, maana ndiyo riziki yake.

Nitawapita haraka wale walioonyesha kazi zao mwaka 1874 katika iliyokuwa studio ya mpiga picha Nadar, Monet na wenzake, kwa kuwa wanapendwa na kila mtu na hawahitaji utetezi. Anayenisimamisha ni Paul Cézanne na matofaa yake. Katika picha yake moja ya miaka ya 1890, iliyoko Chicago, kuna meza yenye kikapu kilichoinama, kitambaa cheupe, chupa na matofaa yaliyotawanyika. Ukiifuata kingo ya mbele ya meza kwa kidole, kutoka kushoto kuingia chini ya kitambaa, halafu ukaitafuta inakotokea kulia, utakuta kingo hizo mbili hazikutani, kana kwamba ni meza mbili. Chupa nayo imeegemea upande. Fundi seremala angesema meza ile haiwezi kusimama, na ni kweli haisimami, ila picha inasimama, kwa sababu kila kitu kilichopindishwa kimepindishwa ili kitegemezwe na kingine. Cézanne aliitazama meza yake kwa siku nyingi, akisogea kidogo na kutazama tena, na badala ya kuchagua mtazamo mmoja wa jicho moja lililoganda kama jicho la kamera, aliruhusu mitazamo kadhaa ikae pamoja. Matofaa yale yana uzito ambao sijawahi kuuona katika matofaa yaliyochorwa kwa usahihi wa picha.

Sasa tunafika mahali ambapo habari hii inatugusa. Mwaka 1907 Pablo Picasso alichora turubai kubwa lenye wanawake watano, ambalo leo liko New York, na wawili kati yao, walio upande wa kulia, wana nyuso zilizochongoka na kupigwa mistari kama vinyago. Mwaka huo alikuwa ameingia katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, ambako vinyago vya Afrika na vya visiwa vya Pasifiki viliwekwa kama vielelezo vya maisha ya watu wa mbali, na alitoka humo akiwa ameguswa sana. Vitabu vingi husimulia tukio hilo kana kwamba Picasso aliokota mawe yasiyo na mwenyewe. Mimi nalitazama kutoka upande wa aliyechonga. Chukua lipiko la Wamakonde wa Mueda, huko Msumbiji, kinyago kinachovaliwa kichwani chote kama kofia ya chuma, na mchezaji huona njia kupitia mdomo wa kinyago wala si macho yake. Aliyekichonga alijua vizuri uso wa binadamu ulivyo, kwani alikuwa akiishi na nyuso za watu kama sisi sote, na alipoukuza mdomo na kuusukuma uso mbele alikuwa anatafuta nguvu ambayo kufanana tupu hakuwezi kuitoa. Hakuwa amefungwa na wajibu wa kuwa dirisha, kwa hiyo hakuhitaji kujinasua nao. Kile ambacho Paris ilikiona kuwa mapinduzi kilikuwa, kwa wachongaji wengi wa bara letu, ufundi wa kawaida wa kazi.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba, kwa sababu hiyo, sanaa yetu ya jadi ilikuwa ya kisasa siku zote. Maneno hayo yanatupamba lakini yanapoteza maana. Lipiko lilikuwa na mteja wake, mahali pake na siku yake. Lilitoka wakati wa jando na unyago, na wasiopita humo hawakutakiwa kujua nani yumo ndani. Halikuwa na upweke ule wa picha isiyojua itaishia mikononi mwa nani. Upweke huo uliwafikia wachongaji wa Kimakonde walipovuka Ruvuma na kuja kufanya kazi Tanganyika, wakaanza kuchonga mpingo kwa ajili ya wageni na wafanyabiashara wa Dar es Salaam. Hapo katika miaka ya 1950 vikatokea vinyago vya shetani, vyenye mguu mmoja unaogeuka sikio na tumbo lenye tundu ambalo mwanga hupita, kazi inayohusishwa na mchongaji Samaki Likankoa. Watu hawa waliwajua mashetani kwa hadithi za kwao, lakini umbo lile lilikuwa jipya, la mtu mmoja aliyeamua, na liliuzwa kwa watu ambao hawakujua hadithi hizo. Lilipaswa kuwagusa hivyo hivyo bila maelezo. Mimi naliita hilo usasa, na naamini lilizaliwa hapa, kwa sababu za hapa.

Ipo barabara nyingine iliyopitia darasani. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere mwaka 1937, na miongoni mwa waliotoka huko ni Sam Ntiro wa Machame, aliyeendelea na masomo London na baadaye akawa balozi wa Tanganyika huko huko. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaopeleka mbege kwa bibi harusi usiku, iko katika jumba la sanaa ya kisasa la New York, jumba lile lile lenye wanawake watano wa Picasso. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akimweka Yesu katika mandhari ya vilima vya pale, na mwaka 1965 alishiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, nyumba ya sanaa inayojulikana kwa onyo lake kwa wachoraji kwamba wasinakili, kwa kuwa kunakili humlaza Mungu usingizi.

Onyo hilo linanipeleka kwa Edward Saidi Tingatinga, ambaye kwangu ni mfano mkubwa kuliko wote. Alizaliwa mwaka 1932 Tunduru, akapita Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge kabla ya kuhamia Dar es Salaam, na mnamo mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za mirija. Alikuwa na hadibodi, ile ile inayotumika kwenye dari na migongo ya makabati, iliyokatwa miraba ya takriban sentimita 60 kila upande, na rangi za mafuta zinazopakwa baiskeli. Kazi zake ziliuzwa Oysterbay, nje ya duka la Morogoro Stores, kwa wageni waliokuja kununua mboga na mikate. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kimakosa, akafariki, baada ya miaka minne tu ya kuchora.

Nimewahi kusimama karibu na mojawapo ya kazi za miaka hiyo, karibu kiasi cha kunusa mbao. Kuna mnyama mmoja tu, amejaa ubao wote, mkia ukikaribia kugusa ukingo. Nyuma yake hakuna mlima, hakuna jua linalozama, hakuna nyasi. Kuna rangi moja iliyopakwa kutoka pembe hadi pembe. Rangi ya baiskeli hukauka upesi na kuacha uso mgumu unaong'aa, kwa hiyo huwezi kuichanganya taratibu juu ya ubao ili kupata kivuli laini, na Tingatinga hakupigana na tabia hiyo ya rangi. Aliweka rangi kando ya rangi, akazungushia mstari, akatia madoa moja baada ya jingine, na ukitazama kwa pembeni unaona kila doa limesimama juu kidogo kama kifungo cha shati. Macho ya mnyama yako mbele yote mawili ingawa mwili umechorwa kwa ubavu. Kiwanda kilimpa ubao na rangi, mtu asiyemjua ndiye aliyekuwa mnunuzi, na picha ilisimama kwa nguvu ya uso wake bapa. Sina sababu ya kumhesabu nje ya habari niliyoianza na Manet, na nasikitika kila ninapomwona amewekwa katika kurasa za utalii tu.

Leo picha zinazobeba jina lake zinauzwa kila mahali, kuanzia Oysterbay, ambako wachoraji waliunda ushirika mwaka 1990, hadi Zanzibar na viwanja vya ndege. Wamo humo wachoraji wenye vipaji vikubwa waliopeleka mtindo ule kwenye masoko yenye watu wengi, hospitali na mabasi, na hao nawaheshimu. Lakini tembo watatu wanaopita chini ya Kilimanjaro wakati wa machweo, waliochorwa asubuhi ya leo na wamechorwa vilevile jana na juzi, si sanaa ya kisasa, hata kama rangi haijakauka. Wanalisha familia, na hilo ni jambo kubwa ambalo sitaki mtu alidharau. Ninachosema ni kwamba swali alilokuwa akilijibu Tingatinga mwaka 1968, kwamba nifanye nini na ubao huu, rangi hii na huyu mgeni, halimo tena ndani yao. Limeshajibiwa, na jibu linanakiliwa. Ndiyo maana nasema usasa haukai katika tarehe, na wala haukai katika mtindo. Mtindo ule ule uliozaliwa ukiwa wa kisasa unaweza kuzeeka ndani ya miaka kumi, mikononi mwa watu wenye ujuzi kuliko aliyeuanzisha.

Ipo kazi moja ambayo macho ya mjomba hayanisaidii. Mwaka 1917 Marcel Duchamp alichukua chombo cha kukojolea cha kiwandani, akakilaza, akakiandika jina la uongo la R. Mutt, na kukipeleka kwenye maonyesho ya New York yaliyoahidi kupokea kazi ya yeyote aliyelipa ada. Kilikataliwa, na chenyewe kikapotea. Tulichonacho ni picha iliyopigwa na Alfred Stieglitz pamoja na nakala zilizotengenezwa baadaye. Hapa hakuna mkono wa kuufuata wala tabaka la rangi la kulichunguza. Nimejaribu kwa miaka mingi kukipenda na nimeshindwa, ingawa nakubali kwamba kiliuliza waziwazi jambo ambalo wengine walilizunguka: kama si kufanana, na si aliyeagiza, basi nani anasema hii ni sanaa? Ni swali la haki. Mimi hubaki na wale wanaolijibu kwa mikono.

Ndiyo maana nashauri watu waanze na swali la mafundi. Mbele ya picha ya namna hii sisi huuliza kwanza kwamba ni picha ya nini, na isipojibu tunaondoka. Mjomba aliuliza imefanywaje. Ni swali ambalo kila mmoja wetu anaweza kuliuliza bila kusoma historia yoyote, mradi awe tayari kusogea na kukaa. Rangi gani ilitangulia? Kwa nini mstari huu umekatizwa? Ukingo huu umechongwa au umeachwa utetemeke? Je, mkono ulikwenda haraka au taratibu? Ukikaa na maswali hayo dakika kumi, picha huanza kukutendea kitu, na ile haja ya kuipa jina inapungua yenyewe.

Malevich aliutundika mraba wake juu kwenye pembe ya chumba, pale ambapo katika nyumba za Warusi hukaa picha takatifu, na kila aliyeingia katika maonyesho yale alielewa alichokithubutu. Upana wake ni sentimita 79.5 na urefu ni huo huo, ingawa ukiupima kwa makini pande za ule weusi hazilingani kabisa, na mkono unaonekana. Hivi sasa umejaa nyufa, na katika nyufa hizo zinachungulia rangi nyingine. Mwaka 2015 wataalamu wa jumba la Tretyakov mjini Moscow, wanakouhifadhi, walitangaza kwamba vipimo vyao vimebaini picha mbili za rangi chini ya weusi ule. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa ndani ya daladala, nikashuka kituo kilichofuata ili nimpigie mjomba. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimweleza. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama wamesema ni rangi gani.

Wakati huo karakana ilikuwa imekwisha kufungwa. Kuanzia miaka ya 2000 yalikuja mabango ya plastiki yanayochapishwa kwa mashine, yenye picha ya simu au ya kuku wa kukaanga inayofanana na simu na kuku kuliko mkono wowote unavyoweza, kwa bei ambayo fundi wa brashi hawezi kushindana nayo. Wateja wake wa miaka ishirini waliondoka mmoja mmoja, bila ugomvi. Nilimwona akipitia kile ambacho wachoraji wa sura za watu walikipitia Paris baada ya 1839, na niseme kweli kwamba ukikiona kwa mtu wa kwenu hakifanani na sura ya kitabu. Kwa muda wa kama mwaka mzima hakugusa rangi.

Kisha alianza kuvitoa uani vibao vya zamani ambavyo wenyewe hawakuvifuata. Hakuna aliyemwagiza. Kimoja kilikuwa cha duka la vipuri vya baiskeli. Alikipiga msasa nusu, akaacha nusu, akakipaka buluu nyembamba aliyoilegeza kwa tina nyingi, halafu nyingine juu yake, halafu nyingine. Herufi za manjano zinaonekana chini ya ile buluu kwa mbali, kama maandishi yaliyo chini ya maji, na huwezi kusoma neno lolote lakini unajua kwamba lilikuwapo. Sasa viko kumi na kimoja, vimeegemezwa ukutani barazani, na majirani wanaokuja kumsalimia huuliza ni picha za nini, naye huwakaribisha kahawa.

Kile cha buluu kina pembe moja ya chini, upande wa kulia, ambayo haijapakwa. Hadibodi inaonekana ilivyo, ya kahawia, pamoja na tundu la msumari. Nilipokwenda kumwona wakati wa Idi nilimuuliza kwa nini aliiacha. Alichuchumaa mbele yake, akapitisha kidole gumba pale rangi inapoishia, akasema brashi ilifika pale na akaona panatosha.